Shaba, Bronzi na Fulusi: Istilahi za Sarafu za Wayunani wa Kale

Mtafsiri mmoja alituletea rasimu ya kijitabu kinachohusu ukusanyaji wa sarafu za shaba za Wayunani wa kale, akaomba tumsaidie katika maneno machache yaliyomshinda. Tulidhani kazi hiyo ingekuwa ya siku moja. Kumbe kila neno tulilolishika lilivuta jingine, na mengi ya maneno yaliyotusumbua hayakuwa ya kigeni hata kidogo: yalikuwa shaba, fedha, kutu, na kitenzi kupatikana. Ndipo tulipotambua kwamba mtafsiri huyo hakupungukiwa na maneno ya Kiswahili, bali alipungukiwa na maelezo ya vitu vyenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kueleza vitu kwanza na istilahi baadaye. Twaamini kwamba istilahi isiyofuata kitu chake humpoteza msomaji, na katika jambo hili hasara yake si ndogo. Sarafu ya kale ni shahidi wa historia, na ushahidi wake waweza kufutika kwa neno moja la ovyo lililoandikwa katika daftari la makumbusho au la ofisi ya wilaya.

Tuanze na jina la watu wenyewe. Kiswahili kina Wagiriki na Wayunani. Neno la pili lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni jina la Ionia, pwani ya magharibi ya Asia Ndogo walikokaa baadhi ya watu hao. Hapa tunawaita Wayunani watu wa zama za kale, na tunaliacha jina la Ugiriki litumike kwa nchi ya leo. Kadhalika neno fedha lina maana mbili, yaani metali nyeupe ya thamani na mali ya kununulia vitu. Katika makala haya fedha ni metali tu. Kwa maana ya pili tutasema pesa.

1. Kabla ya shaba

Sarafu za kwanza za pande hizo zilitengenezwa Lydia, magharibi mwa Asia Ndogo, katika karne ya 7 K.K., kwa mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Miji ya Wayunani iliiga desturi hiyo, na katika karne ya 6 K.K. miji kama Aigina, Korintho na Athens ilikuwa ikitoa sarafu za fedha. Kipimo cha Athens kilikuwa drakma, yenye uzito wa gramu 4.3 hivi. Drakma moja iligawanywa katika oboli 6. Wayunani wenyewe waliyaeleza majina haya kwa kusema kwamba oboli ni kijiti cha chuma cha kuchomea nyama, na drakma ni konzi ya vijiti sita, yaani kadiri ya kujaza kiganja.

Kwa biashara kubwa sarafu za fedha zilifaa sana. Taabu ilikuwa sokoni. Oboli ya Athens ilikuwa na uzito wa gramu 0.7 hivi, na ilikuwako hata robo ya oboli, ambayo uzito wake haukufika gramu 0.2, sawa na punje chache za mchele. Sarafu ya namna hiyo ikidondoka vumbini haionekani tena. Michezo ya kuchekesha ya Aristophanes inatuonyesha watu wa Athens wakizibeba sarafu ndogo kinywani, chini ya shavu, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa salama. Mtu aliyetaka kununua tini chache au kibaba cha unga hakuwa na sarafu iliyolingana na haja yake. Haja hiyo ya mtu mdogo ndiyo iliyoleta sarafu za bronzi.

2. Bronzi yaingia sokoni

Bronzi haikuanza katika miji mikubwa ya Ugiriki. Ilianza pembezoni. Katika kisiwa cha Sicily wenyeji walikuwa na desturi ya kuhesabu mali kwa uzito wa shaba, na kipimo chao kiliitwa litra. Wayunani waliohamia huko waliichukua desturi hiyo, na katika karne ya 5 K.K. miji yao ilianza kutoa sarafu za bronzi zenye vitone vya kuonyesha thamani. Mji wa Akragas ulitoa vipande vya ajabu vyenye umbo la jino. Huko Olbia, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, vilitolewa vipande vyenye umbo la pomboo. Vyote hivyo vilisubiwa katika kalibu, havikupigwa kwa nyundo, na tofauti hiyo tutairudia.

Athens ilikawia. Katika karne ya 5 K.K. mtu mmoja aitwaye Dionysios aliwashauri raia wenzake watumie sarafu za bronzi. Ushauri wake haukufuatwa, nao wakambandika jina la Khalkus, yaani “wa shaba”. Lakini vita havichagui. Tangu mwaka 413 K.K. majeshi ya Sparta yalikaa Dekeleia, karibu na Athens, na uchimbaji wa fedha katika migodi ya Laurion ukavurugika. Mnamo mwaka 406 K.K. Athens ililazimika kutoa sarafu za shaba zilizovikwa ngozi nyembamba ya fedha. Mwaka uliofuata Aristophanes alizitaja jukwaani kwa dharau, akiwafananisha viongozi wabaya wa mji na sarafu hizo mbovu.

Katika mchezo mwingine, ulioonyeshwa katika miaka ya 390 K.K., mhusika mmoja anasimulia mkasa uliompata. Aliuza zabibu, akajaza sarafu za shaba kinywani, akaenda sokoni kununua unga wa shayiri. Alipokuwa anautega mfuko wake ili atiliwe unga, mpiga mbiu akatangaza kwamba tangu saa hiyo mtu yeyote asipokee shaba. Watazamaji walicheka, bila shaka. Lakini kisa hicho kinaeleza jambo hili kuliko vitabu vingi. Laiti mtu yule angekuwa na fedha kinywani, tangazo lisingemwondolea chochote, kwani fedha ingebaki na thamani yake kwa uzito. Shaba yake ilikuwa na thamani kwa sababu mji ulisema hivyo, na mji uliponyamaza thamani ikaondoka.

Basi hapa kuna tofauti ambayo istilahi zetu hazina budi kuibeba. Sarafu ya fedha ilikuwa na thamani ya metali. Sarafu ya bronzi ilikuwa na thamani ya dhamana: mji uliidhamini kwa kiasi kilichozidi bei ya metali iliyomo. Ndiyo maana sarafu ya fedha ya Athens ilipokewa hata Misri na Shamu, lakini sarafu ya bronzi kwa kawaida haikusafiri mbali na mji wake. Aristotle aliliona jambo hili. Alieleza kwamba pesa kwa Kiyunani huitwa nomisma kwa sababu haikutokana na maumbile bali na nomos, yaani sheria au desturi, na kwamba ni katika uwezo wetu kuibadili au kuibatilisha. Kutokana na neno hilohilo nomisma ndiko lilikotoka jina linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kuitaja elimu ya sarafu.

Kuanzia katikati ya karne ya 4 K.K. bronzi ilienea. Athens yenyewe ilianza kuitoa kwa utaratibu, na khalkusi 8 zililingana na oboli moja. Philip wa Pili wa Makedonia, aliyetawala miaka ya 359 hadi 336 K.K., alitoa sarafu nyingi za bronzi zenye kichwa cha Apollo upande mmoja na kijana aliyepanda farasi upande wa pili. Mwanawe Alexander alitoa zenye kichwa cha Herakles, na nyuma yake rungu na upinde. Huko Misri wafalme wa ukoo wa Ptolemy walitoa katika karne ya 3 K.K. sarafu kubwa za bronzi, ambazo baadhi kipenyo chake kinapita milimita 40 na uzito wake unapita gramu 70. Mbele zina kichwa cha Zeus Ammon, nyuma zina tai. Hesabu za mashamba na kodi zilizoandikwa kwenye mafunjo zinaonyesha kwamba huko mashambani bronzi ilikuja kuwa pesa ya kila siku.

Hata baada ya Warumi kuzitawala nchi hizo, mamia ya miji iliyosema Kiyunani iliendelea kutoa sarafu zake za bronzi hadi karne ya 3 B.K. Juu yake iliweka mahekalu yake, mito yake na majina ya maofisa wake. Iko miji midogo ambayo wanahistoria wakubwa wa kale hawakuiandikia zaidi ya mstari mmoja. Sarafu zake ndizo zinazotuambia iliabudu nini na ilijivunia nini.

3. Istilahi za metali

Sasa tuyageukie maneno. Kiswahili cha kawaida hutumia shaba kwa metali tatu. Ya kwanza ni ile inayochimbwa ardhini, nyekundu, ambayo mafundi huiita shaba nyekundu. Ya pili ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, wenye rangi ya manjano. Ya tatu ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, ambao ni mgumu kuliko shaba tupu. Wayunani walipenda kutia risasi pia katika mchanganyiko huu wa tatu ili metali iyeyuke kwa urahisi zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba kutumia jina moja kwa metali tatu ni umaskini wa lugha yetu. Sivyo. Wayunani waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo walikuwa na neno moja tu, khalkos, kwa shaba tupu na kwa bronzi. Warumi nao walisema aes, na mpaka leo wakusanyaji wa sarafu duniani kote huandika alama AE, iliyotokana na neno hilo, kwa kila sarafu ya jamii ya shaba, kwa kuwa jicho pekee haliwezi kutambua kilichochanganywa ndani. Basi jina la jumla si kosa. Kosa ni kulitumia jina la jumla mahali panapotakiwa jina mahususi.

Kwa metali ya tatu wengine wameandika shaba nyeusi. Jina hili lina sura ya Kiswahili, lakini twaona lina hatari. Bronzi mpya si nyeusi. Inang'aa kwa rangi inayokaribia dhahabu. Bronzi ya kale yaweza kuwa nyeusi, kahawia, kijani au hata samawati, kwa kadiri ya udongo uliokaa nayo. Karani wa makumbusho akiambiwa aandike “shaba nyeusi”, ataiandika metali au ataiandika rangi? Kwa hiyo tunapendekeza bronzi, neno ambalo tayari limeanza kutumika katika maandishi ya sayansi, na tunapendekeza shaba libaki kuwa jina la jumla, badala ya AE.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi tofauti hizi hana haja ya kwenda Athens. Atafute sarafu za Tanzania zilizotolewa mwaka 1966. Senti tano, yenye picha ya samaki, ilikuwa ya bronzi. Senti ishirini, yenye picha ya mbuni, ilikuwa ya shaba ya manjano iliyotiwa nikeli. Zikiwekwa pamoja mezani, wanafunzi wataiona tofauti kabla hawajaelezwa.

4. Istilahi za kazi

Sarafu za Wayunani zilitengenezwa kwa njia mbili. Vile vipande vya Akragas na Olbia vilisubiwa: metali iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu. Nyingine karibu zote zilifuliwa. Fundi alichukua kisahani kitupu cha metali, akakiweka juu ya muhuri uliokazwa katika fuawe, akaweka juu yake muhuri wa pili, akaupiga kwa nyundo. Kwa pigo hilo pande zote mbili zilipata picha kwa mara moja.

Hapa mafundi wetu wametutangulia. Kusubu, kalibu, kufua na fuawe ni maneno ya wahunzi na wafua fedha wa pwani, nayo yanafaa kazi hii kana kwamba yaliundwa kwa ajili yake. Rasimu tuliyoletewa ilisema sarafu “zilichapishwa”, neno linalomfanya msomaji afikirie karatasi na wino. Tunashauri waandishi waseme kufua sarafu, na mahali pa kazi hiyo paitwe kiwanda cha sarafu.

Kuhusu pande mbili, watu waliokua na shilingi ya 1966 waliijua kwa kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Lakini “upande wa kichwa” hautufai kuwa istilahi, kwani sarafu nyingi za Wayunani zina kichwa pande zote mbili, na nyingine hazina kichwa kabisa. Wajuzi wa sarafu huangalia kazi ya fundi: upande uliotokana na muhuri wa chini, ule wa fuawe, huhesabiwa kuwa wa mbele, na ule uliotokana na muhuri wa juu huhesabiwa kuwa wa nyuma. Tunapendekeza uso na mgongo, maneno mafupi yasiyochanganyika na mbele na nyuma za mazungumzo.

Neno kutu nalo linahitaji kupasuliwa. Bronzi ikikaa ardhini miaka 2,000 huvaa tabaka jembamba, gumu na laini, ambalo huilinda. Mkusanyaji huliheshimu, kwani likiondolewa picha huharibika na thamani hushuka. Lakini iko hali nyingine, inayoletwa na chumvi na unyevu, ambapo unga wa kijani kibichi hutokea katika madoa na kuila sarafu mpaka itoboke. Mtu aliyeambiwa “ondoa kutu” atakwangua yote mawili. Tunapendekeza utando kwa ile inayolinda na kutu ilayo kwa ile inayoharibu. Katika maagizo ya kuhifadhi vitu vya kale, tofauti ya maneno haya mawili ndiyo tofauti kati ya kuokoa na kuangamiza.

Mwisho, tunawaonya watafsiri wasiyape majina ya thamani vipande ambavyo wajuzi wenyewe hawajavipa. Majina ya kale ya sarafu nyingi za bronzi hayakuhifadhiwa. Ndiyo sababu katika orodha za sarafu huandikwa “AE 18”, maana yake sarafu ya jamii ya shaba yenye kipenyo cha milimita 18. Hiyo itafsiriwe Shaba 18, si “senti” wala “khalkusi”.

5. Wayunani katika mfuko wetu

Msomaji aweza kuuliza sisi tunahusikaje na pesa za watu wa mbali. Jibu limo katika kamusi zetu. Neno dirhamu, lililotufikia kwa Kiarabu, asili yake ni ile drakma ya Wayunani. Dinari ni denarius ya Warumi. Lakini safari iliyotupendeza zaidi ni ya neno fulusi.

Watu wengi wa pwani leo wanalijua fulusi kuwa ni jina la samaki. Kamusi za zamani zina fulusi nyingine, yenye maana ya pesa. Neno hilo ni fulus ya Kiarabu, wingi wa fals, yaani sarafu ya shaba. Na fals imetokana na follis, jina la sarafu ya shaba ya dola ya Kirumi ya mashariki, ambayo wakuu wake walisema Kiyunani. Mwaka 498 Kaisari Anastasius alitoa sarafu kubwa ya shaba yenye alama ya M, ambayo katika hesabu ya Kiyunani ni 40, maana ilikuwa na thamani ya vijisarafu 40 vidogo. Waislamu walipoitwaa Shamu katika karne ya 7, walizikuta sarafu hizo sokoni, wakaziiga kwa muda, hatimaye wakatoa zao zenye maandishi matupu. Jina likabaki.

Na tazama majirani wa neno hilo. Pesa ni paisa ya Bara Hindi, sarafu ndogo ya shaba. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba kati ya mwaka 1890 na 1892. Hela ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika katika koloni lao mwaka 1904 kwa kiwango cha heller 100 kwa rupia moja, na heller moja ilifuliwa kwa bronzi. Kwa hiyo fulusi, pesa na hela, maneno matatu ambayo Waswahili wameyatumia kwa pesa zote ndogo na kubwa, yote yalikuwa majina ya visarafu vya shaba. Jina lililoshika ni la kile kilichopita katika mikono ya watu kila siku.

6. Ukusanyaji, sheria na neno “kupatikana”

Wanaokusanya sarafu za bronzi za Wayunani huvutwa na mambo mawili: aghalabu bei yake ni ndogo kuliko ya fedha na dhahabu, na aina zake ni nyingi mno. Wengi huzipanga kwa utaratibu uliowekwa na Joseph Eckhel wa Vienna katika vitabu vyake vya 1792 hadi 1798, yaani kwa nchi, kuanzia Hispania na kuizunguka Bahari ya Mediterania. Orodha kubwa ya sarafu za Wayunani ya British Museum, iliyoanza kutolewa mwaka 1873, nayo iliufuata.

Lakini sarafu hizi hazikuota madukani. Zimetoka ardhini, na katika nchi nyingi kilichomo ardhini kina sheria yake. Huko Ugiriki sheria namba 3028 ya mwaka 2002 inazilinda mali za kale, sarafu zikiwamo. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Watumishi wa forodha na wa wilaya huenda wakazihitaji istilahi hizi mapema kuliko walimu.

Hasara ya uchimbaji wa siri si ya mali tu. Sarafu ya bronzi, kwa kuwa haikusafiri mbali, ni shahidi mzuri wa mahali. Ikichimbuliwa katika sakafu ya nyumba, husaidia kutaja umri wa nyumba hiyo. Ikiwa katika dafina, yaani akiba iliyofukiwa kwa pamoja, sarafu changa kuliko zote husaidia kujua akiba ilifukiwa lini. Ikiuzwa bila habari hizo hubaki kipande kizuri cha shaba kisichosema neno.

Hapa ndipo kitenzi kupatikana kinapotutia mashakani. Katika rasimu tuliyoletewa, “sarafu hii ilipatikana” mahali fulani ilitafsiri maneno manne tofauti ya asili: iliyookotwa juu ya ardhi, iliyochimbuliwa na wataalamu, iliyonunuliwa, na iliyotolewa zawadi. Kiswahili kinayo maneno hayo yote manne. Mtafsiri aliyaacha kwa sababu kupatikana lilisikika zuri zaidi.

Tusidhani ni jambo dogo. Zimetajwa sarafu kadhaa za kale za nchi za Mediterania zilizosemekana kutoka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kama zingethibitishwa, zingetufundisha mengi juu ya biashara ya zama hizo. Lakini wanahistoria wanazitilia shaka nyingi kati yake, kwa sababu hakuna aliyeandika zilitoka katika tabaka gani. Na mtu aliyenunua sarafu Misri na kuidondosha bandarini anaweza kuwa wa juzi tu. Linganisha na sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331. Moja ya sarafu za jina lake ilionekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na kwa kuwa mahali pake panajulikana, imekuwa ushahidi wa uhusiano wa pwani na bara ambao kila mwanafunzi aweza kuuelewa.

Kwa hiyo tunashauri kwamba katika madaftari, fomu na vibandiko vya makumbusho kitenzi kupatikana kisitumike kabisa kwa vitu vya kale. Pawe na nafasi ya kuandika njia (kuokotwa, kuchimbuliwa, kununuliwa, kutunukiwa, kurithiwa), mahali, tarehe na aliyeleta. Kama njia haijulikani, iandikwe “njia haijulikani”. Maneno hayo mawili yana manufaa zaidi kuliko kupatikana, kwani yanasema kweli.

7. Muhtasari wa mapendekezo

Shaba: jina la jumla la shaba nyekundu na michanganyiko yake.
Shaba nyekundu: metali tupu isiyochanganywa.
Shaba ya manjano: mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki.
Bronzi: mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, na pengine risasi.
Kufua sarafu: kuitia sarafu picha kwa kupiga muhuri juu ya kisahani.
Kusubu sarafu: kuiunda kwa kumimina metali katika kalibu.
Kisahani: kipande cha metali kisichotiwa picha bado.
Uso: upande uliotokana na muhuri wa fuawe.
Mgongo: upande uliotokana na muhuri wa juu.
Utando: tabaka la ukale lililindalo sarafu.
Kutu ilayo: uozo wa unga wa kijani uharibuo sarafu.
Sarafu ya dhamana: sarafu yenye thamani iliyozidi bei ya metali yake.
Dafina: akiba ya sarafu iliyofukiwa kwa pamoja.
Kuchimbua: kutoa kitu ardhini kwa utaratibu wa kitaalamu na kwa kuandika mahali pake.
Elimu ya sarafu: taaluma ya kuchunguza sarafu na historia yake.

Haya ni mapendekezo tu, si istilahi zilizokwisha sanifishwa. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa historia, watumishi wa makumbusho na mafundi wa metali, watuandikie maneno wanayoyatumia wao. Tungependa zaidi kusikia kutoka kwa wafua fedha wa Lamu, Unguja na Kilwa, kwani yumkini wanalo jina la kile kisahani kitupu ambalo sisi wa ofisini hatujapata kulisikia. Wakitupatia, tutalifuta letu kwa furaha.